Tumbo linakusumbua? Kabla ya kidonge kingine, hesabu mimea iliyo sahanini mwako

Leo wacha tuongee jambo ambalo hakuna mtu huliweka Instagram: choo. Najua unacheka. Lakini jiulize, mara ya mwisho ulienda lini? Jana? Juzi? Ulimaliza kwa dakika tatu ama ulikaa humo ukatazama video kumi za TikTok ukingoja muujiza? Na ile gesi inayokufanya utafute kiti cha dirishani kwenye matatu je? Kiungulia cha saa nane usiku? Kama umetikisa kichwa hata mara moja, kaa hapa tuongee.

Mimi yote hayo nimeyapitia. Nikiwa chuoni Nairobi, ratiba yangu ilikuwa hivi: asubuhi chai na mandazi mawili, mchana smokie na soda, usiku chips. Siku nikiwa na pesa kidogo, chapati. Siku nikiwa sina kabisa, ugali na sukuma kwa rafiki. Wikendi ni muguka na soda nyingine ya kuuteremsha.

Tumbo lilipoanza kunichoma, niliingia duka moja la dawa mtaani. Hakuna aliyenipima. Jamaa alinitazama tu, akasema, "Hivyo ni vidonda vya tumbo," akanifungia vidonge vya kupunguza asidi na antibayotiki za siku chache kwenye karatasi. Nilimeza siku tatu, nikapata nafuu, nikaacha. Baada ya mwezi nikarudi. Mchezo huo tuliucheza karibu mwaka mzima.

Nilipoacha chuo na kurudi kwetu Bura, Tana River, nilikuwa na begi moja na mfuko wa vidonge. Nyanya yangu aliushika ule mfuko, akaugeuza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi unameza baada ya chakula, ama ndizo chakula?"

Sikuwa na jibu.

PIMWA KWANZA

Nyanya hakunipa mzizi wala majani. Alinituma hospitali. Huko nilipimwa choo, na nikaambiwa nina viini vinavyoitwa H. pylori. Hivi ndivyo husababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo duniani, pamoja na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Zamani madaktari walilaumu mawazo na pilipili. Mwaka wa 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliamua kuvinywa viini hivyo mwenyewe ili athibitishe kwamba vinaleta ugonjwa tumboni. Aliugua kweli, na mwaka wa 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hivyo nisikudanganye: hakuna uji wala mtindi utakaokuondolea pylori. Tiba yake huwa ni mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 10 hadi 14, na unazimaliza zote hata ukijisikia mzima siku ya nne. Ukimeza nusu nusu kama nilivyofanya, unavifundisha viini kuizoea dawa. Na ukienda kupimwa, mwambie daktari dawa zote ulizokuwa ukimeza, maana zingine zinaweza kuvificha viini na kipimo kikasema huna.

Mimi nilimaliza dozi, na ule moto ukazimika. Lakini tumbo lilikuwa bado zito, choo bado cha kubahatisha. Hapo ndipo habari ya chakula inapoingia.

SHAMBA LILILO NDANI YAKO

Ndani ya utumbo wako mpana kuna bakteria matrilioni. Wengi si maadui. Ni kama vibarua wa shamba: wanakula kile ambacho wewe huwezi kusaga, yaani nyuzinyuzi za mimea, na wakimaliza wanakulipa kwa kutengeneza asidi fulani zinazolisha kuta za utumbo na kutuliza uvimbe mwilini. Usipowapa nyuzinyuzi, vibarua wanalala njaa. Katika majaribio ya panya, bakteria walionyimwa nyuzinyuzi waligeukia ule ute unaolinda ukuta wa utumbo, wakaanza kuula. Sasa ongeza antibiotiki za kiholela juu ya hapo. Ni kama kunyunyiza dawa ya magugu bila kuangalia: mahindi nayo yanakwenda.

Hili si jambo la juzi, na sehemu kubwa ya kisa chake ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alifika Uganda mwaka wa 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyowajaza Waingereza hospitalini kwao yalikuwa nadra huku. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wao kuhusu, amini usiamini, uzito wa choo. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu. Waingereza walitoa gramu 100 hivi, baada ya siku tatu na zaidi. Tofauti kubwa aliyoitaja Burkitt ni nyuzinyuzi.

Unasema hiyo ni hadithi ya wazee? Basi twende Moshi, Tanzania. Mwaka wa 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa na wanasayansi wa Tanzania na Uholanzi kwa wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea chakula cha kijijini walilishwa vya kizungu: soseji, mkate mweupe, chips. Wa mjini wakapewa vyakula vya asili: mboga za majani, bamia, maharagwe, ndizi za kupika, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilikunywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi iliyochachushwa. Wiki mbili tu zilitosha. Damu ya waliohamia soseji ilionyesha dalili zaidi za uvimbe mwilini. Ya waliorudi kwenye vyakula vya asili ilionyesha kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Wiki mbili, bana. Hiyo ni nusu ya muda unaokopa data.

(Na kabla hujaninukuu kwa kina baba: wale wa mbege walikunywa kwa wiki moja, kwa kipimo. Hakuna aliyesema keki ya sherehe na chupa kumi.)

HESABU YA SOKO LA BURA

Kuna kitu kingine nilisoma kikanikaa. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2018 uligundua kuwa watu wanaokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki wana bakteria wa tumboni wa aina nyingi zaidi kuliko wanaokula aina 10 au chini. Nikachukua simu, nikahesabu wiki yangu ya Nairobi: viazi, ngano, mahindi, sukuma wiki, nyanya na kitunguu za kachumbari, majani ya chai. Saba. Ukitaka kuhesabu muguka ni nane, lakini tusidanganyane.

Halafu nikaenda sokoni Bura na kikapu cha nyanya yangu. Huu mji una bahati moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilileta hapa familia kutoka pembe mbalimbali za Kenya kulima pamba kwa maji ya Mto Tana. Waliwakuta Wapokomo wenye mashamba kando ya mto na Waorma wenye mifugo. Pamba ilikuja kuyumba, lakini vyungu vilibaki. Leo utapata githeri nyumba hii, wali wa nazi ile, na maziwa ya ngamia ng'ambo ya barabara.

Nikahesabu vile tulivyokula wiki ile: kunde, pojo (watu wa bara huziita ndengu), maharagwe, mahindi, mchele, bamia, mchicha, sukuma, boga, viazi vitamu, mihogo, ndizi, embe, papai, tikiti, ndimu, ukwaju, ubuyu, nyanya (ile ya kupika, si ile ya kunisuta), kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nazi. Ishirini na tatu. Na sikununua hata kopo moja la zile poda za probiotiki zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kodi ya nyumba.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10. Kipande cha mkate mweupe hakifiki hata gramu moja. Kwa hivyo hata kama uko Kayole au Kisauni, yule mama wa kibanda anayeuza chapo na ndengu anakufaa kuliko yule wa chips. Mwambie akuongezee ndengu, apunguze chapo.

SASA TAHADHARI

Kuna watu wakisikia "chakula cha asili" hufunga macho. Fungua.

Maji kwanza. Hapa Bura kuna wanaochota mtoni au kwenye mifereji ya mashamba, na mwaka wa 2023 kipindupindu kilifika kaunti yetu. Hakuna mboga itakayokusaidia kama unaioshea maji machafu. Chemsha maji hadi yatokote, ama utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Nawa mikono kwa sabuni. Hii ndiyo afya ya tumbo ya kwanza kabisa.

Pili, maziwa. Maziwa lala ni mazuri: yana bakteria hai, na wengi ambao maziwa mabichi huwavuruga tumbo huyavumilia yakishaganda. Lakini maziwa yasiyochemshwa, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, yanaweza kukupa bruselosi, na kuganda peke yake si kinga ya uhakika. Nyanya hufanya hivi: anachemsha, anaacha yapoe hadi uvuguvugu, anatia vijiko viwili vya mala ya jana, anafunika. Kesho yameganda.

Tatu, kiporo. Wali uliopikwa ukapoa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa wa aina ambayo bakteria wazuri wanaipenda. Lakini kwa joto la Bura, wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuwa sumu. Kama huna friji, pika kiasi.

UANZIE WAPI?

Usikurupuke. Ukitoka kwenye chips ukaingia kwenye sufuria ya maharagwe siku hiyo hiyo, utajaa gesi na utanitukana. Fanya polepole.

Wiki ya kwanza: ondoa soda moja kwa siku, weka maji. Ongeza mboga za majani kwenye mlo mmoja. Kula tunda zima badala ya juisi.

Wiki ya pili: leta kunde, pojo au maharagwe mara tatu kwa wiki, nusu kikombe tu. Loweka maharagwe usiku, mwaga yale maji, pika kwa mengine. Gesi hupungua.

Wiki ya tatu: jaribu glasi ya mala, na unga wa mahindi usiokobolewa ama wa wimbi. Kunywa maji zaidi, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji ni kama kumimina saruji kwenye bomba.

Halafu maisha yenyewe. Tembea baada ya kula, hata dakika 15. Lala. Chooni nenda unapobanwa, usijizuie mpaka mechi iishe. Na muguka? Sitakuhubiria. Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku mwaka wa 2024 na unajua kelele zilizofuata. Nitakwambia tu kile kinachotokea tumboni: unakata hamu ya kula na unafunga choo, kisha unauteremsha kwa sukari ya soda. Mimi nilipoacha, choo kilirudi kabla hata ya usingizi.

Mwisho, kuna mambo ambayo si ya kujaribia mboga. Ukiona damu kwenye choo ama choo cheusi kama lami, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika mfululizo, ukishindwa kumeza, ama maumivu yakikuamsha usiku, nenda hospitali siku hiyo. Usiende duka la dawa. Usiniulize mimi.

Mimi si daktari, na cheti cha chuo sina. Nilicho nacho ni tumbo lililotulia na nyanya anayepanda cheo kila nikikohoa. Majuzi alikuta ule mfuko wangu wa zamani chini ya kitanda, mtupu. Akauosha, akauanika juani.

Sasa anawekea pojo.