Kidole gumba cha Katanga: gitare ya Kiswahili ilitoka wapi?

Tangu Desemba 2021, wakati UNESCO iliandika rumba ya Kongo mu urithi wa utamaduni wa dunia, kila mutu anajua kutaja majina: Wendo, Kabasele, Franco, Nico. Ni majina makubwa, siyabishi. Lakini angalia vizuri: karibu yote ni ya Kinshasa, na nyimbo karibu zote ni za Kilingala. Sisi wa Mashariki, wenyi kuimba na kulia na kudai mushahara kwa Kiswahili, tunaonekana sawa wageni waliofika mu karamu ya wengine wakati sahani zimekwisha kuoshwa. Si kweli. Kuna gitare iliyokomaa mu miji ya migodi ya Katanga, ikapanda treni, ikavuka mipaka, ikaingia Nairobi na Dar es Salaam. Na mumoja wa wale walioipeleka mbali alizaliwa hapa Kindu.

Tuanze na Mwenda Jean Bosco, yule aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke, ju ya asili yake ya Bunkeya. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka inchi zetu na mashini ya kushika sauti, alimukuta ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, karani wa ofisi. Hakuwa na orkestra, hakuwa na mikro ya kwake. Alikuwa na gitare moja ya mbao na vidole viwili. Wimbo wake «Masanga» ulishikwa, ukapata zawadi mwaka ule ule, disiki zikauzwa kusini mpaka kaskazini, na mpaka leo watu wa Ulaya wanaojifunza gitare ya Afrika wanaanzia pale. Profesa mumoja wa Uingereza, David Rycroft, alikaa miaka akiandika noti za Mwenda moja moja, apate kuelewa mutu mumoja anawezaje kufanya kazi ya watu wawili.

Jibu liko mu mukono wa kuume. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene, kinatembea kama miguu ya mutu anayekwenda kazini, bila kusimama. Kidole cha pili kinapiga nyuzi nyembamba, na chenyewe hakifuate gumba: kinachelewa kidogo, kinaruka, kinajibu. Mwenye kusikiliza anasikia sauti mbili zinazozungumza, na ya tatu, ya kinywa, inakuja juu yao. Ukijaribu wewe mwenyewe utaona shida iko wapi. Gumba linataka kumufuata ndugu yake. Wiki ya kwanza vidole vyote viwili vinaanguka pamoja, tap, tap, sawa mutu anayegonga mulango. Siku gumba linapokubali kujitegemea, njo umeanza kupiga gitare ya Katanga.

Kwa nini Katanga, na si kijijini kwetu? Mimi mutu wa sendika, nitajibu kama mutu wa sendika: ju ya mushahara na ju ya kambi. Union Minière ilianzishwa 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville 1910, na kwa ile reli vitu vya kusini vilipanda: nguo, baiskeli, gramafoni, gitare. Watu walikusanywa kutoka kila upande, Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, wakatiwa mu nyumba zilizopangwa musitari. Hakuna aliyeweza kucheza ngoma ya kwao peke yake, ju jirani hakuijua. Walihitaji luga moja, ikawa Kiswahili. Walihitaji chombo kimoja ambacho si cha kabila la mutu yeyote, ikawa gitare. Pesa ya mwisho wa mwezi haikutosha kwa mambo mengi, lakini kijana asiye na bibi aliweza kuweka kidogo kidogo mpaka akanunua. Mu komine ya Kenya, ku Elisabethville, kulikuwa kikundi JECOKE, vijana wa kuchekesha na kuimba, na mule alipita Edouard Masengo, ndugu ya Mwenda. Losta Abelo naye alikuwa wa kizazi kile. Mara nyingi mwenzao alikaa kando akigonga chupa tupu na kisu au musumari. Ile chupa usiidharau. Bila yenyewe gumba linapotea njia.

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda na Masengo walikwenda Nairobi. Kule wafanyabiashara waliona mbele yetu kwamba gitare inaweza kuuza kitu: Mwenda akaimba ju ya dawa ya Aspro, Masengo akazunguka na Coca-Cola. Watu wengine wanacheka wakisikia hivi. Mimi sicheki, ni kazi kama kazi ingine. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kupita vidonge na soda. Vijana wa Kenya walisikia, wakaona, wakaiga. Upande wa Waluhya George Mukabi alichukua upigaji wa vidole akautengeneza kwa namna ya kwao, na pale pia kuna chupa, chupa ya Fanta inayokwaruzwa. Halafu gitare ya umeme ikafika, na twist ikafika kutoka Marekani, na studio za Nairobi zikachanganya vyote mu sufuria moja. Daudi Kabaka akatoa «Helule Helule». Mwaka wa 1968 kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, kikaimba ule wimbo kikauza sana kwao. Kwa hiyo ngoma ilikwenda na ikarudi. Watu wanaosema Afrika iliiga tu rock ya wazungu, waulizwe ju ya ule mwaka wa 1968.

Na kule Marekani kwenyewe mambo yalikwenda namna gani? Karibu sawa na kwetu. California, mwanzo wa miaka ya 1960, vijana wanaopanda mawimbi ya bahari na mbao walijitengenezea muziki wa gitare, inayolia kama maji. Haukutoka mbinguni. Mbele yao kulikuwa Link Wray na Duane Eddy, wote wawili wakijulikana tangu 1958. Eddy alipiga melodia ku nyuzi nene, chini kabisa, na fundi wake alitumia tanki tupu la maji ili sauti irudie kama mu pango. Dick Dale, mwenye familia ya baba iliyotoka Lebanoni, akachukua «Misirlou», wimbo wa zamani wa upande wa Ugiriki na Waarabu, akaupiga mbio mbio mu 1962. Beach Boys wao walichukua melodia ya Chuck Berry, «Sweet Little Sixteen» ya 1958, wakaweka maneno ya bahari, wakaiita «Surfin' U.S.A.» mu 1963. Hapa sasa nisikilizeni: wenye haki za Berry walidai, wakapata, na jina la Berry likaandikwa ku wimbo. Mutu mweusi wa Marekani ya miaka ile, na ubaguzi wote uliokuwapo, alipata jina lake likaandikwa!

Kwetu ni ngapi waliopata hivyo? Kuiga si wizi. Mwanafunzi yeyote anaiga mwalimu, mimi nilijifunza kuongea mbele ya watu kwa kuiga wazee wa sendika. Wizi unaanza pale karatasi inapoandikwa na jina la fundi linakosekana.

Turudi ku vidole. Umeme ulipofika, kazi ya mutu mumoja iligawanywa. Gumba la Mwenda likawa gitare basi. Kidole cha pili kikawa solo. Yale yaliyokuwa katikati yakawa rythmique na mi-solo, watu wawili wakijibizana. Musiniambie kwamba kila kitu kilitoka Katanga: disiki za Cuba zilisikiwa kila pahali, na Nico wa Kasai, pamoja na kaka yake Dechaud, walifundisha Afrika muzima namna gitare mbili zinavyopendana. Lakini sikiliza orkestra zilizotoka upande wetu kwenda Afrika ya Mashariki mu miaka ya 1970. Baba Gaston wa Lubumbashi alifika Nairobi na Baba National. Wanamuziki wake wakajitenga mu 1976, njo Les Mangelepa. Super Mazembe walipita Zambia mbele ya kufika Nairobi, na jina lao ni la zile mashini kubwa za kuchimba udongo, kitu ambacho sisi wa migodi hatuhitaji kuelezwa. Maquis walianzia Kamina wakamaliza wakiwa wenyeji wa Dar es Salaam. Gitare zao hazina haraka kama za Kinshasa. Solo inakwenda wazi, kila noti peke yake, na basi inatembea chini. Ukifunga macho unaweza kusikia gitare moja ya mbao.

Na Remmy. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mu 1947. Mu 1978 alikwenda Dar es Salaam kuingia Orchestra Makassy, kisha Matimila, ambayo ikawa Super Matimila, na Watanzania wakamuita Dokta. Aliimba ju ya masikini, ju ya kifo, ju ya ukimwi wakati wakubwa waliona haya kusema neno kondomu. Disiki yake ya 1989 ku Real World ilimufikisha Ulaya. Ku Sinza kuna pahali panaitwa kwa jina lake. Alikufa Desemba 2010, Dar es Salaam ikamulilia. Vijana ninaowauliza hapa Alunguli, wengi wananijibu: Remmy? Si yule Mutanzania? Haiwezi kuwa kosa lao. Hakuna aliyewafundisha. Mimi naamini kwamba ile huruma ya gitare ya Matimila, ile namna ya kurudia musitari mumoja mpaka unakuingia mu mifupa, alitoka nayo huku, alipojifunza kazi.

Upande huu wa mutoni, wakati mitumbwi ya mwisho imekwisha kuvuka kutoka Kasuku, bado utasikia gitare mu kiwanja moja au mbili. Wazee wachache waliofanya kazi zamani mu migodi ya bati ya Kalima wanajua gumba linavyotembea. Wengine wanafunga kalamu ya mti ku shingo ya gitare na mupira wa baiskeli, kwa kupandisha sauti. Vijana wanapita, wanatazama kidogo, wanarudi ku telefone, ambapo ngoma inatengenezwa na kidole kimoja tu.

Ninaomba vitu viwili, si vikubwa. SOCODA, yenyi kazi ya haki za watunzi, ifungue kitabu cha wapiga gitare wa Kiswahili, Katanga, Maniema na Kivu, wafu na wazima, na familia zao zijulishwe. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari ku Zambia mu Septemba 1990. Masengo naye amekwisha kwenda. Na redio za Kindu zipige «Masanga» hata mara moja kwa juma, kisha Super Mazembe, kisha Remmy, zikifuatana, bila mutu kuongea katikati. Mwenye gitare nyumbani akae karibu na redio. Nyuzi nene kwa gumba, nyembamba kwa kidole cha pili, na mutoto atafute chupa.