Kabla Picha Haijakwama

Jamaa wamejaa sebuleni, kompyuta i mezani, na ndoa ya binti aliyeko ughaibuni karibu ifungwe. Ghafla picha inaganda: kifurushi cha intaneti kimekwisha. Lawama huangukia kompyuta, ilhali lililokosekana ni hesabu.

Matangazo ya moja kwa moja ni mlaji mkubwa. Picha ya kawaida hutumia yapata gigabaiti 1 kwa saa, na picha ang'avu ya kiwango cha 1080 huweza kufikia 3. Sherehe ya muda wa saa 3 yaweza basi kumeza gigabaiti 9! Mtambo ukiachwa ujichagulie, hutwaa picha bora kadiri mtandao unavyoruhusu, pasipo kuuliza hali ya mfuko wako. Bonyeza alama ya gurudumu chini ya picha, uchague 480. Harusi itaonekana vizuri tu.

Kompyuta yenyewe nayo hudokoa kimyakimya kwa kupakua masasisho. Yamalizwe siku moja kabla, kisha izimwe na kuwashwa upya. Iwapo intaneti yatoka kwenye simu, iunganishe kwa waya. Kiungo kati ya simu na kompyuta hakitayumba ovyo, na simu itapata chaji.

Saa pia huwaponza wengi. Tangazo likisema 15:00 GMT, kwetu Afrika Mashariki ni saa 12 jioni, wala si saa 9 alasiri.

Mwenye televisheni yenye tundu la HDMI aunganishe waya, bibi naye aone. Kioo cha inchi 14 hakiwatoshi watu wanane.