Dhoruba za jua: vijana watafiti wanafundishwa, vipimo vya nyumbani bado haba

Katika sehemu nyingi za RDC ambako simu haishiki, misheni, vituo vya afya na wenye mashua bado hutegemea fonie. Mara nyingine, mchana kweupe, sauti hupotea na mashine ni nzima. Huenda ni jua. Mlipuko mkubwa juani hutoa eksirei zinazofika duniani baada ya dakika 8 hivi na kuvuruga ayonosfia, tabaka la juu linalorudisha mawimbi ya redio ardhini. Sehemu yake ya chini huanza kuyameza mawimbi hayo. Pigo huwa kali zaidi pale jua lilipo utosini, na Congo imekaa juu ya ikweta.

Kuiga mambo hayo kwa kompyuta ndiyo kazi wanayofundishwa vijana wa Afrika wanaoanza utafiti. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa, kundi la GIRGEA lipo tangu 1995. Lilianzishwa na Mfaransa Christine Amory-Mazaudier, baada ya kampeni ya kimataifa ya 1992-1994 iliyochunguza mkondo wa umeme unaopita angani juu ya ikweta ya sumaku.

Mafunzo ya namna hii huanza na kazi isiyo na mbwembwe: kuandika programu, kusoma faili za vipokezi vya GPS, kuhesabu elektroni zilizo njiani kati ya satelaiti na ardhi. Kisha matokeo hulinganishwa na modeli kama NeQuick, iliyotengenezwa Trieste, Italia, pamoja na Graz, Austria. Hapo ndipo vijana hugundua tatizo. Modeli hiyo hutoa hali ya kawaida ya mwezi. Lakini katika ukanda wa ikweta, jua likishazama, ayonosfia hufanya mapovu yanayotikisa mawimbi ya GPS, na povu la jioni ya leo halimo ndani ya wastani. Mpimaji ardhi wa mgodini anayetaka usahihi wa sentimita ndiye huumia kwanza.

Kurekebisha modeli kunahitaji vipimo vya hapa, na Afrika ya Kati ina vichache. Ajabu ni kwamba enzi za ukoloni kulikuwa na vituo vya kupima usumaku wa dunia huko Binza, Kinshasa, na Karavia, Lubumbashi. Leo kijana anayerudi na doktora hutumia mara nyingi data za nchi nyingine. Kipokezi kikipatikana, bado kinadai umeme usiokatika, intaneti ya kutuma faili kila siku, na mtu anayelipwa kukilinda.