Orodha ya Mali Iandikwe Kabla ya Moto



Kiangazi kilichopita nyumba ya ndugu mmoja mfanyabiashara wa hapa kwetu iliungua usiku. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Ndugu huyo ni mmoja wa wachache sana kati yetu waliokuwa na bima ya nyumba na vitu vya ndani, yaani ile asiransi ambayo wengi tunaijua kwa pikipiki tu. Aliilipia mjini, safari moja alipoenda kununua bidhaa. Siku ya tisa baada ya moto alikuja kwangu na orodha ya vitu vilivyoungua, na chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi ya mchungaji. Niliipitia haraka haraka, nikatia sahihi na muhuri wa kanisa. Baada ya miezi kadhaa barua ya jibu ikafika: hatalipwa.

Barua ile tuliisoma pamoja, mimi na yeye. Ilitoa sababu tatu. Alichelewa kutoa taarifa, kwa maana mkataba wake ulimpa siku tano. Aliweka madumu ya esansi ya kuuza chumbani, naye alikuwa ameandika kwamba ni nyumba ya kukaa tu. Tena orodha ilitaja friji mbili na televisheni tatu bila karatasi hata moja ya duka. Sisi tuliokula kwake tunajua kwamba friji ilikuwa moja, na kwa sababu ya umeme wetu ilitumika kama kabati. Kwa hiyo muhuri wa kanisa ulishuhudia friji ambayo haikuwapo. Ndiyo maana ninaandika.

Tusiseme kwamba habari hizi ni za watu wa Kinshasa. Tangu mwaka 1966 bima yote nchini ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya serikali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, ikaweka na mamlaka ya kuyasimamia, ARCA. Tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yamepewa ruhusa ya kufanya kazi. Mawakala wao watatufikia, hata kwa barabara yetu hii ya Kindu. Heri wakute tunajua kuuliza.

Jambo la kwanza ni kujua bima yako inalipa nini. Ile ya lazima ya pikipiki humlipa mtu uliyemgonga. Haijengi nyumba yako. Na bima ya nyumba yenyewe ina ukurasa wa mambo isiyoyalipa, ambao kwa kawaida ndio wenye herufi ndogo kabisa. Humo mara nyingi utakuta vita na fujo za watu, wizi ambao mlango haukuvunjwa, na fedha taslimu iliyofichwa nyumbani. Wenzetu wa Salamabila na Namoya waulize pia habari za dhahabu, maana gramu zilizofungwa kwenye kitambaa chini ya kitanda hakuna anayeweza kuzipima baada ya moto.

Jambo la pili ni kujibu kweli siku ya kuandika mkataba. Wakala akiuliza kama paa ni la nyasi au la manjanja, kama jikoni ni ndani, kama unauza esansi, usimpunguzie ili ulipe kidogo. Atakayekagua atakuja baada ya moto, si kabla. Vilevile usitaje thamani ndogo kuliko ilivyo. Mali yako ikiwa ya dola 10,000 nawe ukaiandikia bima ya 5,000, kisha ukapoteza vitu vya 4,000, kampuni inaweza kukulipa 2,000 tu, kwa sababu uliweka bima ya nusu. Watu wengi huita huo wizi. Ni hesabu iliyomo ndani ya mkataba walioutia sahihi.

Tatu, hasara ikitokea, toa taarifa kwanza, orodha itafuata. Ndugu yetu alisubiri amalize orodha, na hapo ndipo siku zilipomwishia. Piga simu, tuma ujumbe wa maandishi, nenda polisi upate PV, mwite shefu wa kijiji aone majivu kabla hayajafagiliwa. Piga picha. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Na ukiona umeonewa, unaweza kupeleka malalamiko ARCA.

Sasa najua ndugu wa Kabambare watasema: mchungaji, sisi tunakimbia bunduki, na vita umesema hailipwi. Ni kweli. Lakini orodha inafaa hata pasipo bima. Kumbukeni kesi ya nchi yetu na Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamua milioni 325, na kati ya hizo, za mali zilizoharibiwa ni milioni 40 tu. Majaji hawakusema kwamba watu wa Kisangani na Ituri hawakuteseka. Waliona kwamba ushahidi mwingi ulioletwa hautoshi. Nyumba ziliungua kweli, lakini karatasi za kuonyesha ni zipi, za nani na za thamani gani, hazikuwapo.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na jeshi, naye mwenyewe yuko kifungoni. Sura ya 32 inaeleza kwamba fedha ilipimwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala zikawa mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, kisha Baruku akaamriwa kuziweka katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nilipokuwa chuoni tulibishana sana juu ya maana ya shamba lile. Juu ya chungu hatukusema neno. Leo naona chungu kile kilikuwa kazi ya mtu anayejua vita ni nini.

Hapa kwetu tumeanza hivi. Kila nyumba inaandika daftari: kitu, mwaka kilionunuliwa, bei, na namba ya mashine au ya pane la jua kama ipo. Mama aandike pia vitu vyake, maana cherehani na masufuria husahauliwa sana. Nakala moja inabaki nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na picha zitumwe kwenye simu yake pia, kwa kuwa simu yako itaungua pamoja na nyumba. Mzee wa kanisa anapita, anaona kitu kwa macho, ndipo anatia sahihi. Asichokiona hakiandiki. Mimi nami sitii tena muhuri juu ya orodha iliyoletwa baada ya hasara, isipokuwa ya vitu nilivyoviona.

Wengine wamekasirika. Ndugu yule mfanyabiashara hakukasirika. Amejenga tena, chumba cha esansi amekitenga ng'ambo ya uwanja, na katika daftari lake jipya mstari wa friji bado hauna kitu.