Baiskeli ilirudi, aibu ikabaki

Baiskeli ya Gabriel imeibwa. Aliyeiiba ni mfanyakazi wa nyumbani kwao Bujumbura, naye ameshatokomea. Mvulana anapanda gari pamoja na watu wawili wanaomfanyia kazi baba yake, Donatien na Innocent, na safari ya kuisaka mali inaanza. Kila aliyeinunua amekwisha kuiuza kwa mwingine. Wanaifuata mkono kwa mkono, kutoka mjini hadi milimani, mpaka wanaipata kwa familia ya wakulima maskini. Hao hawakuiba. Walitoa pesa zao, wakapewa baiskeli, wakaamini biashara imekwisha.

Kwa Innocent hakuna cha kujadili: mali ya mtu ni ya mtu, ipakiwe. Donatien, mtu mzima kutoka Zaire, anaona vingine. Kwa mtoto wa mjini baiskeli ni kitu cha kuchezea, na kwa wale ni akiba yote ya nyumba. Gabriel, mwenye umri wa miaka kumi hivi, hasemi neno la kuizuia kazi. Baiskeli inapakiwa, familia inabaki inatazama. Njiani kurudi, furaha ya kupata kilicho chake imekwisha kuondoka. Donatien amemwambia wazi kwamba walichofanya si haki, na mtoto anajua ni kweli.

Tukio hilo limo katika Petit Pays, maana yake Nchi Ndogo, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka Ufaransa mwaka 2016. Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akaondoka Burundi mwaka 1995 vita vilipopamba moto. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mwanamuziki wa rap, na kabla ya muziki alifanya kazi katika taasisi za fedha London. Mwaka huohuo wa 2016 kitabu kilipata tuzo ya Goncourt des Lycéens, ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000 wanaosoma vitabu vilivyoteuliwa na kukitaja wanachokipenda. Kwa hiyo vijana ndio waliokichagua. Kwa Kiingereza kinauzwa kwa jina Small Country, na mwaka 2020 kilitengenezewa filamu, iliyopigwa Rwanda.

Wengi wanaokisifu hukiita kitabu cha vita. Vita vimo, na vya kutisha. Lakini anayekisoma akiwa na jicho la sokoni atakuta kwamba kabla ya risasi ya kwanza kulia, mwandishi ameshaweka mezani swali la hatia, na amelipitisha kwenye mali iliyouzwa na kununuliwa. Chaguo la baiskeli si la bahati. Katika barabara zinazoshuka Bujumbura baiskeli ndiyo lori la asiye na lori: mikungu ya ndizi na magunia ya makaa hufungwa juu yake hadi mwendeshaji asionekane, na wakati wa kupanda vijana hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe. Kumnyang'anya mtu wa milimani baiskeli ni kumfungia duka.

Kisheria, Innocent ana pa kusimama. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, ni kwamba muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi akiuza, mwenye mali bado ndiye mwenye mali, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, na mnunuzi anaambiwa akamdai aliyemuuzia. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua kanuni hiyo kwa uchungu, hasa waliowahi kununua simu au pikipiki na siku ya pili wakajikuta kituo cha polisi wakieleza. Aliyekuuzia yuko ng'ambo, au jina alilokupa si lake. Haki ya kumdai unayo. Wa kumdai ndiye hayupo.

Milimani Burundi shauri la namna hii kwa desturi lingepelekwa kwa bashingantahe, wazee wanaoaminiwa kusuluhisha. Kazi yao ni kutafuta suluhu itakayowawezesha majirani kuendelea kuishi pamoja, na hapo huenda mkulima angepata hata nusu ya alichotoa. Gabriel na wenzake walikuwa na gari, nguvu na haraka, na hiyo ndiyo sehemu ya kosa lao. Faye haandiki hotuba juu ya jambo hili. Anamwacha mtoto akae nalo kimya.

Kisha nchi inabadilika. Juni 1993 Burundi inamchagua Melchior Ndadaye kuwa rais, na Oktoba 21 mwaka huohuo anauawa. Aprili 6, 1994 ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi inatunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanaanza. Katika riwaya, mama yake Gabriel, Mnyarwanda aliyekulia uhamishoni Burundi, anakwenda Rwanda kuwatafuta jamaa zake. Anachokikuta katika nyumba ya shangazi yake kinamvunja. Anarudi Bujumbura akiwa si yule aliyeondoka, na usiku anamwamsha binti yake mdogo, Ana, kumsimulia aliyoyaona, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia.

Gabriel anajaribu kukaa pembeni. Jirani yao mwanamke wa Kigiriki, Bi Economopoulos, anamwazima vitabu, na kwa muda vitabu vinakuwa ukuta wake. Marafiki wa mtaani, wale waliokuwa wakiiba naye maembe, wanataka silaha. Baba wa rafiki yao Armand anapouawa, ukuta unaanguka. Kundi la vijana wenye silaha linamkamata mtu anayedaiwa kuhusika, linamfungia ndani ya gari, petroli inamwagwa. Gabriel anapewa kiberiti cha gesi. Anatishwa, anasukumwa, anaambiwa athibitishe yuko upande gani. Anakirusha.

Hapa kitabu kinapanda kiwango ambacho vitabu vingi vya vijana havifiki. Katika riwaya nyingi za namna hii kijana hukosa, huumia kidogo, huomba msamaha, husamehewa, na ukurasa wa mwisho anatabasamu. Faye hampi Gabriel njia hiyo. Mtu wa kuombwa msamaha ameteketea. Hakuna mahakama inayomwita, kwa maana alikuwa mtoto na zama zile mji mzima ulikuwa na damu mikononi. Hakuna anayemshitaki, na kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia deni limekwisha. Anapandishwa ndege na dada yake kwenda Ufaransa, na mzigo unavuka naye bila kukaguliwa.

Msomaji anaweza kusema alilazimishwa, basi hana hatia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kitabu kinaiweka sambamba na ile baiskeli, na ukisoma sehemu hizo mbili pamoja unaona kijana yuleyule mara mbili: watu wazima au wakubwa zaidi wameamua, yeye yuko katikati, kitu kiko mbele yake, na kunyamaza ndiko kunakofanya kazi. Mara ya kwanza kilichopotea ni baiskeli ya mtu maskini. Mara ya pili ni uhai.

Fidia, basi, iko wapi? Nchi za kanda hii zimejaribu kujibu kwa njia zake. Rwanda ilifungua mahakama za gacaca, zilizosikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 hadi zilipofungwa mwaka 2012. Watu walikaa majanini mbele ya majirani, waliokiri wakapunguziwa adhabu, na walioharibu au kupora mali wakatakiwa kuilipa. Wengi hawakuwa na cha kulipa. Burundi ilipitia Arusha, ambako mkataba wa amani ulisainiwa Agosti 2000, na miaka mingi baadaye ikaunda tume ya ukweli na maridhiano. Nchi hizo mbili ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mfanyabiashara anayepita Gatumba au Rusumo leo anapita juu ya historia hiyo, akipanga bei na watu ambao hajui walikuwa wapi mwaka 1994. Kwa kawaida hawaulizani. Biashara imekuwa moja ya njia chache za kukaa tena kwenye benchi moja bila kulazimika kusema.

Faye mwenyewe hakumaliza habari hii katika kitabu kimoja. Riwaya yake ya pili, Jacaranda, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2024, inarudi Rwanda kuangalia kizazi kilichokua katika ukimya wa wazazi wao. Anayetaka kuanza, hata hivyo, aanze na ile ndogo. Ni fupi, Kifaransa chake hakisumbui, na nusu yake ya kwanza inachekesha.

Katika Petit Pays jibu la Gabriel ni dogo na halina sherehe. Miaka ishirini baadaye, akiwa mtu mzima aliyeshindwa kutulia Ufaransa, anarudi Bujumbura kwa sababu Bi Economopoulos amefariki na kumwachia vitabu vyake. Anamkuta Armand, aliyebaki. Wanakwenda wote kwenye kilabu cha pombe cha mtaani, mojawapo ya zile ambazo watu hunywa gizani na kila mmoja huweza kusema alilo nalo bila kuonekana uso. Humo gizani anasikia sauti ya mwanamke mzee, anaitambua. Ni mama yake, ambaye kwa miaka yote hiyo hakujua kama yu hai.

Mama hamtambui. Anamwita Christian, jina la mmoja wa watoto waliouawa katika nyumba ile ya shangazi. Gabriel hamsahihishi. Anaamua kubaki Bujumbura, na jioni anakwenda kukaa naye.