Victor: Jina la mshindi, uwanja haulijui

FEBRUARI 13, 2000, Lagos. Fainali ya AFCON imeisha 2-2, Nigeria na Cameroon zimekwenda kwenye matuta. Anasogea Victor Ikpeba, Mchezaji Bora wa Afrika wa 1997. Anaachia shuti, mpira unagonga mwamba wa juu, unadunda ndani ya mstari wa goli, unatoka. Mwamuzi anapeta.

Marudio ya televisheni yalionyesha umevuka. VAR ilikuwa bado. Cameroon wakabeba kombe kwa penalti 4-3, mbele ya Wanigeria wenyewe.

Na jamaa jina lake maana yake ni mshindi!

Victor ni Kilatini, kutoka kitenzi vincere, yaani kushinda. Warumi walikuwa na mungu wa kike wa ushindi, Victoria. Wakristo wa mwanzo nao wakalipenda, wakiwaza ushindi dhidi ya kifo. Papa Victor wa Kwanza, wa mwishoni mwa karne ya pili, anatajwa kuwa mtu wa Afrika Kaskazini. Kwa hiyo Waafrika hatujaanza kuitwa Victor juzi.

Kila taifa likalikata kwa mkasi wake. Waitaliano wana Vittorio, na Vittorio Pozzo alilitendea haki: Kombe la Dunia 1934 na tena 1938. Wareno wana Vítor, kama kipa Vítor Baía aliyetwaa Ulaya na Porto 2004, na klabu kabisa wakaziita Vitória, ya Guimarães na ya Setúbal. Wahungaria wao walilitafsiri, wakapata Győző.

Hapo ndipo Viktor Gyökeres anapochekesha. Ni Msweden mwenye damu ya Hungaria, na kwa Kihungaria hilo la ukoo ni kama kusema mwenye mizizi. Mwaka 2025 akatua Arsenal, klabu ambayo nembo yake ya zamani iliandikwa kwa Kilatini Victoria Concordia Crescit, ushindi hukua kwa umoja. Shabiki wa Gunners asome hapo mara mbili.

Waarabu hawakuhitaji Kilatini. Al Nassr ya Cristiano Ronaldo maana yake ni Ushindi, mzizi uleule uliotupa neno nusura na akina Nassor wa Unguja.

Lakini wakikutana wawili wenye jina hilo, nani anashinda? Novemba 7, 2012, Celtic walikuwa wenyeji wa Barcelona. Golini kwa Barca alisimama Víctor Valdés, tayari ana mataji matatu ya Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 21 ikapigwa kona, Mkenya Victor Wanyama akapaa, kichwa, nyavuni. Celtic wakashinda 2-1, na usiku ule Kenya nzima ilikuwa ya kijani na nyeupe.

Taji lenyewe Wanyama hakulipata. Mwaka 2019 alianza mechi ya Amsterdam ambayo Tottenham waliitoa Ajax, halafu fainali ya Madrid akaitazama kutoka benchi wakichapwa 2-0 na Liverpool. Katika familia yao medali hiyo anayo kaka yake, aliyekuwa kwenye kikosi cha Inter cha 2010. Anaitwa McDonald Mariga. McDonald ni jina la Kiskoti, halina Kilatini hata tone.