Fisi, Fingo na Msitu: Mazingira katika Macho ya Walioitwa Wapagani

Neno 'mpagani' limezoeleka mno katika Kiswahili hata ni nadra kwetu kulichunguza. Chimbuko lake ni Kilatini, paganus, neno ambalo hapo awali halikuhusiana na dini hata kidogo. Lilimaanisha mtu wa mashambani. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba Ukristo ulipoenea katika miji ya Dola ya Roma, watu wa mashamba walikawia kuiacha miungu yao ya mito na vichaka, na jina la makazi likageuka kuwa jina la imani, tena imani yenye kasoro.

Msomaji wa historia ya pwani ya Kenya atautambua mkasa huu, kwa maana ulijirudia kwetu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo cha misheni Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann, aliwakuta wakazi wa vilima vilivyo nyuma ya mji huo wakiitwa Wanyika, yaani watu wa nyika. Jina hilo nalo lilitaja mahali tu. Vinywani mwa watu wa mjini, hata hivyo, lilibeba dharau: mtu wa nyika alikuwa mtu asiye na dini wala ustaarabu. Si ajabu kwamba wenyewe walilikataa, na kufikia miaka ya 1940 jina Mijikenda, yaani miji tisa, likawa limeshika: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jamii hizi zilivyowathamini wanyama na miti kwa mujibu wa imani yao ya jadi. Tunalitumia neno 'upagani' kwa tahadhari, tukijua kuwa ni jina la kubandikwa. Dai letu ni moja. Kuthamini huko hakukuwa kupendezwa na mandhari, wala hakukuwa kuabudu mti kama wengi walivyoandika. Kulikuwa kuishi na mti na mnyama kama mtu anavyoishi na jirani au mzee wa ukoo: kwa wajibu, kwa mipaka, na kwa kiasi fulani cha hofu.

Tuanze na neno 'kaya'. Katika Kiswahili sanifu, kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Mijikenda, kaya ni mji wa kale uliojengwa katika uwazi ndani ya msitu mnene. Masimulizi yao yanasema kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakifukuzwa na maadui, wakajificha katika misitu ya vilimani na ya ufuoni. Inakisiwa kuwa makaya yalianza kujengwa katika karne ya 16. Msitu ulikuwa ukuta. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, zenye malango, na aliyekata miti ovyo alikuwa akiubomoa ukuta wa mji. Katikati palizikwa fingo, kinga ya jamii nzima, ambayo iliaminika kuletwa kutoka Singwaya. Kwa hiyo msitu wa kaya haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Ulikuwa nyumbani, na hata watu walipohamia mashambani, mchakato uliokamilika kufikia miaka ya 1940, waliwaacha humo wafu wao. Koma, yaani roho za wahenga, walibaki kuwa wenyeji.

Hapa ndipo penye kosa la wageni wengi. Walimwona mzee akimwaga tambiko chini ya mti, wakahitimisha kuwa anauabudu. Ukweli ni kwamba Mijikenda walimjua Mulungu, na sala zao za kuomba mvua zilimwelekea yeye na koma kwa pamoja. Mti ulikuwa mahali pa kukutania. Mtu anayevua viatu mlangoni mwa nyumba ya mjomba wake haabudu mlango.

Kutokana na hali hiyo zilizuka kanuni ambazo leo tungeziita sheria za mazingira, ingawa waliozitunga hawakuwa na msamiati huo. Haikuruhusiwa kukata mti, kulisha mifugo ndani, wala kuchukua chochote bila idhini ya wazee. Katika Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Diani, ambako watalii walianza kupokewa mwaka 2001, mgeni bado huvishwa kaniki kabla ya kuingia na huonywa asitoke na kitu chochote, hata jani. Kiswahili kina neno la desturi za aina hii: mwiko. (Kwamba neno hilo hilo ni la chombo cha kupikia ugali ni jambo ambalo wanaleksikografia wangefaa kutueleza siku moja.) Mwiko hausemi 'mti huu ni mzuri'. Unasema 'usiuguse', na mara nyingi hautoi sababu.

Ama kuhusu wanyama, hakuna mfano ulio bora kuliko fisi. Sote tuliolelewa kwa ngano za shuleni tunamjua fisi kuwa mlafi na mpumbavu, yule aliyefika njia panda akataka kuzifuata njia zote mbili hadi akapasuka msamba. Sasa tazama alichokiandika Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyeishi Ribe, katika kitabu chake cha mwaka 1873. Aliripoti kwamba Wanyika walimhesabu fisi kuwa mmoja wa wahenga wao au mwenye uhusiano na asili yao. Kwamba kumuua lilikuwa kosa kubwa. Na kwamba fisi alipokufa aliombolezwa na watu wote, kwa matanga yaliyozidi yale ya mkuu wa jamii. New hakuandika haya kwa kusifu. Hata hivyo, alituachia ushahidi wenye thamani: mnyama anayechukiwa pengine kote aliliwa matanga.

Msomaji wa leo ataharakisha kutafuta sababu ya kisayansi. Fisi hula mizoga, husafisha mazingira, kwa hiyo wahenga walimlinda kwa hekima. Maelezo hayo si ya uongo kibiolojia, lakini ni yetu, si yao. Tukiyapachika vinywani mwao tunarudia kosa la Krapf na wenzake kwa njia ya upole zaidi: tunawaheshimu tu pale wanapofanana nasi. Katika Kigiriama neno 'fisi' lilikuwa pia jina la kiraho, yaani kiapo, kilichoogopwa kuliko viapo vyote, nacho kilikuwa mikononi mwa Vaya, baraza la siri la wazee wachache. Aliyekila kisha akakivunja alitarajia kufa. Mnyama, kiapo na mamlaka vilikuwa na jina moja. Tukimchomoa fisi humo na kumwita 'msafishaji wa mazingira', tutakuwa tumehifadhi mzoga wa wazo.

Nguvu ya mfumo huo ilidhihirika katika historia ya siasa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, waliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za serikali ya kikoloni. Watu walikusanyika Kaya Fungo wakala viapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Serikali haikuuona msitu huo kama miti mitupu. Agosti 1914 askari waliilipua kaya kwa baruti. Nadhani afisa aliyetoa amri hiyo aliielewa kaya vizuri kuliko wengi wanaoipiga picha leo.

Haifai, hata hivyo, kuwapaka wahenga asali. Mijikenda walikuwa wakulima. Walifyeka na kuchoma misitu isiyokuwa ya kaya, na waliwinda. Heshima yao ilikuwa na mipaka kama ua ulivyo na mipaka. Isitoshe, hofu iliyoulinda msitu ina upande wake mchungu. Katika miaka ya karibuni wazee katika Kaunti ya Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingine kukiwa na ugomvi wa ardhi nyuma ya tuhuma hizo. Mvi ambazo zamani zilimpa mtu sauti ndani ya kaya sasa zinaweza kumtia hatarini. Mtafiti anayesifu imani ya jadi bila kuligusa jambo hili hajafika mashinani.

Matokeo ya mwiko, kwa upande mwingine, yanapimika. Makaya ni madogo, mengi yakiwa kati ya hekta 10 na 400. Lakini wanabotania Anne Robertson na Quentin Luke, walioikagua misitu ya pwani na kutoa ripoti yao mwaka 1993, walionyesha kuwa visehemu hivi vina mimea adimu mingi kuliko ukubwa wake unavyoashiria. Katika msitu wa Diani na Kinondo wamo mbega, nyani warukao ambao wakikatiwa miti hawana pa kwenda. Pale mwiko ulipolegea, hasa ardhi ya ufuoni ilipopata bei, misitu iliingia mikononi mwa wajenzi. Serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa makumbusho ya taifa mwaka 1992. Sheria ikaja kushika nafasi ya koma, nayo sheria, tofauti na koma, hailali msituni.

Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza baadhi ya makaya katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata shirika hilo hilo liliziingiza mila na desturi za makaya katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa dharura. Msitu umeandikwa kwingine na imani iliyoutunza kwingine, na orodha ya pili ndiyo ya wagonjwa. Wazee wanaojua sala kamili ni wachache. Wadigo wengi ni Waislamu, Warabai na Waribe wengi ni Wakristo, na ingawa si haba wanaoshika yote mawili, vijana hawajifunzi maneno yale.

Maneno hayo ni kazi yetu sisi wa Kiswahili zaidi ya wanabotania. W. E. Taylor alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, na humo mtu anaweza kuanza kulinganisha: mti ni muhi, kiapo ni kiraho. Lahaja za Kimijikenda ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mwanafunzi wa chuo chetu anayetoka Kaloleni au Kwale huenda ana bibi anayejua majina ya miti ishirini ambayo kamusi zetu hazina, pamoja na jina la kila mti usiopaswa kukatwa na neno linalosemwa kabla ya kuchuma gome lake kwa dawa. Likizo ya Agosti ingetosha kuanza kuyaandika, ikiwa bibi ataombwa kwa adabu naye akubali, kwani baadhi ya maneno hayo yana mwiko wake.